Kitufe cha Ovadraivu na Kapu Langu la Maboga

Jumamosi, Mikumi. Kumekucha na mawingu mazito, lakini kwangu mimi jua limewaka tangu saa nne asubuhi.

Leo nimeshiba bila kula. Binti yangu Yudithi, fundi magari hapa Mikumi, ameliponya gari la mjomba wake.

Nimeandika fundi. Wacha nirudie: fundi!

Kule kwetu Masanze, kanisani, nilikuwa nawaambia kina mama wenzangu kwamba binti yangu "yuko kazini Mikumi", naishia hapohapo. Niliona haya kutaja spana. Mungu anisamehe.

Jana kaka yangu Elia alinileta kumtembelea. Kwenye vumbi gari lilikuja vizuri tu, polepole. Tulipoingia lami, kaka akakanyaga mafuta, injini ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Akasimama kwa fundi mmoja wa barabarani. Yule bwana akasikiliza tu, hata kuinama hakuinama, akasema gia boksi imekufa, ishushwe.

Kaka akaendesha polepole mpaka tukafika. Gari hilo ndilo linalompeleka wifi yangu kliniki ya sukari Kilosa, na siku yake ni Jumatatu. Likiwekwa juu ya mawe, ataendaje na miguu ile inayomuuma?

Sasa huyuhuyu Elia ndiye aliyetamka Krismasi, ukoo mzima unasikia, kwamba gari lake haliguswi na mtoto wa kike. Leo asubuhi Yudithi akamwendea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Naomba ufunguo. Nisipojua, nitakwambia sijui."

"Na ukiniulia gari?"

"Si wamesema limeshakufa?"

Kaka akacheka bila kupenda. Akatoa ufunguo.

Yudithi akikosea hapa, nilijua atasemwa mpaka anazeeka.

Akawasha injini, akapima oili ya gia boksi, akainusa. Haijaungua. Kisha akaonyesha taa ya njano mbele ya usukani. Kaka alidhani ni ya oili.

"Gari hili lina gia nne zinazojibadili zenyewe, mjomba. Ya nne ndiyo ovadraivu. Ukishika kasi, inaiacha injini izunguke taratibu huku magurudumu yanakimbia. Kwenye vumbi hamkuihitaji, ndiyo maana hamkuona tofauti. Taa hii ingekuwa inawaka na kuzimika, ningeogopa, hapo gari lenyewe linalalamika. Lakini imetulia. Kuna mtu ameizima ovadraivu."

Akabonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia. Taa ikazimika. Tukaingia lami, mimi nimekaa nyuma nasali. Gia ya nne ilipoingia, kelele ikashuka ghafla, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Kaka alipochukua usukani kurudi, alisema, "Fundi, funga mkanda." Fundi! Hakumwita Yudithi.

Sasa nikiri.

Jana njiani, kabla ya lami, kaka alishuka kununua maji. Kapu langu la maboga lilikuwa linaniumiza mapajani (naendaje kwa mwanangu mikono mitupu?), nikalitundika kwenye mkono wa gia, mikono ya kapu ikaukaba pale ubavuni. Kaka aliporudi nikalitoa. Nani angejua pana kitufe?

Yudithi alijua. Tuliposhuka alikuwa na unyuzi wa kapu aliouokota kwenye mkono wa gia; akalitazama kapu pale mlangoni, akanitazama mimi, akaninong'oneza, "Mama, maboga yako matamu, lakini yapande nyuma." Kwa mjomba wake hakusema kitu.

Nikimwambia kaka, atasema gari halikuwa na ugonjwa, kumbe ni ujinga wa dada yake tu. Lakini yule bwana wa barabarani alikuwa tayari kulipasua. Aliyejua kwamba haliumwi ni mmoja tu, na nilimzaa mimi.

Jumatatu wifi anakwenda kliniki kwa gari lake. Jioni hii tunarudi, na kesho kanisani Masanze nitasimama kwenye matangazo, nitaje spana kwa sauti.

Na kaka nitamwambia. Ila wacha kwanza amsifu mwanangu wiki nzima.