Vidonge Nisivyovimeza

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote, na kwamba lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi huku ni wazima, kwa ule uzima wa kujibia salamu.

Kwa heshima na taadhima, na naomba usome ukiwa umekaa, nakutangazia rasmi kwamba mimi, mdogo wako, nimepata miadi ya kumwona daktari. Ni Alhamisi asubuhi. Najua utasema hilo nalo ni jambo la kumwandikia mtu barua? Dada, huku kwetu mtu akipata miadi hupewa mkono wa pongezi.

Kliniki yetu haitoi miadi dirishani. Miadi hutolewa kwa simu tu, na simu huanza kupokelewa mlango unapofunguliwa, na nafasi huisha kabla chai ya mtu haijapoa. Basi sisi wagonjwa tumebuni ya kwetu. Tunasimama nje ya kioo, kila mmoja na simu sikioni, tunampigia dada wa mapokezi huku tunamwona. Akinyanyua simu yake wote tunanyamaza, kila mtu anaomba iwe ni ya kwake. Juzi ilikuwa ya kwangu, ila nilikuwa nimeshajipenyeza ndani kukwepa jua. Akaniambia simuni nisubiri kidogo, akaiziba simu kwa kiganja, akanigeukia na kuniambia nipunguze sauti, kwani simwoni anaongea na mgonjwa? Mgonjwa mwenyewe ndiye mimi. Nilimwomba radhi mara mbili, ya kwanza uso kwa uso, ya pili kwenye simu.

Dada huyo wa mapokezi unamjua. Ni yule jirani wa mtaa wa nyuma tuliyekuwa tukimwita Redio. Tangu uondoke hajaishiwa betri.

Sasa utajiuliza tangu lini mimi, niliyekuwa naruka dirisha la darasa kukimbia sindano, nikawa rafiki wa daktari. Hapo ndipo penye shida, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Ukipiga, Mama huweka sauti ya juu tukusikilize sote, na kuta za nyumba hii unazijua mwenyewe, ukikohoa chumbani unaulizwa kutoka jikoni umepatwa na nini.

Mama ana kifafa. Kilimwanza mwaka jana. Mara ya kwanza nilimkuta sakafuni karibu na karo, amekakamaa, nikadhani ananifia mikononi. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani mwingine ameona. Nilimsihi twende kliniki, akakataa katakata. Alisema akiingia pale asubuhi, ikifika mchana mtaa mzima utakuwa unamsogezea viti na kumnyang'anya visu, na afadhali afe na siri yake kuliko Redio aitangaze. Kliniki nayo haitoi dawa mpaka mgonjwa aende mwenyewe. Mmoja hatoki, mwingine hafungui, na mimi katikati.

Basi nikaenda mimi. Nilikaa mbele ya daktari nikamwambia kwamba ninaanguka. Alitaka shahidi aliyeniona nikianguka, nikamtaja Mama, akampigia pale pale. Ungemsikia, dada! Tulikuwa tumefanya mazoezi jikoni ya maneno machache tu, lakini aliposhika simu akasahau kwamba anadanganya. Alieleza jinsi mwanawe anavyojipinda, jinsi macho yanavyogeuka, na kwa hiari yake akaongeza kwamba nilikuwa mzito wa kuelewa tangu utoto. Nikapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Mashine haikuona kitu. Wewe uliyasema hayo tangu tukiwa shule ya msingi, sasa yamethibitishwa na wataalamu.

Dawa zikatoka kwa jina langu, Mama akazimeza, na kwa miezi kadhaa hakuanguka. Nikajiona mjanja wa mji. Kumbe daktari alikuwa ameniuliza kazi yangu, nami kwa majivuno nikamjibu kwamba gari la kusambaza mikate ninaliendesha mimi. Akamwandikia tajiri wangu. Mwenye kifafa hapewi usukani, na ni haki. Nikanyang'anywa ufunguo, nikawekwa stoo ya unga, chumba kisicho na dirisha, kwenye kiti chenye mikono ili nisidondoke. Wenzangu hawanikubalii kushika birika la moto. Mmoja anatembea na kijiko mfukoni kwa ajili ya meno yangu. Nikienda msalani mtu husimama mlangoni, kila baada ya muda anauliza, mzee, upo? Nami najibu nipo. Nitakwenda wapi?

Maana nikisema mimi si mgonjwa, dawa za Mama zimekatika. Nikinyamaza, ni unga hadi nizeeke. Na majirani, ambao wameshatangaziwa, wanakuja kumpa Mama pole kwa masaibu ya mwanawe. Naye anakaa kitini anazipokea, anashusha pumzi, anasema ndiyo mitihani ya kuzaa. Siku nyingine ananitazama kwa huruma hata tukiwa wawili tu.

Ucheke, dada, maana hata mimi nilikuwa nacheka. Sasa nifike kwenye jambo ninalolizunguka tangu nishike kalamu.

Uliponiuliza habari za mkono wa Mama, nilikwambia aliteleza kwa sabuni bafuni. Hapakuwa na sabuni.

Kifafa kilimrudia, mara moja, kwa muda mfupi. Nikaenda kliniki kusema nimeanguka. Daktari akaagiza nitolewe damu, ionekane kama dawa imefika kiwango kinachotakiwa. Damu ikatoka mkononi mwangu. Majibu yaliporudi hawakuona dawa hata chembe. Akaniuliza kama ninaruka siku, nikamwapia kwamba haijapita siku moja vidonge vile visimezwe, na hapo sikudanganya. Akasema basi kuna miili inayounguza dawa upesi, akaongeza dozi maradufu. Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Mlango ulikuwa umefungwa, tupo yeye na mimi tu, wala Redio asingesikia. Nikaichukua karatasi ya dawa, nikamshukuru, nikatoka.

Nikampa Mama dozi iliyopimwa kwa damu yangu.

Haukupita muda akaanza kutembea akishika kuta. Maneno yakawa yanamtoka mazito, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Nikajiambia huo ni uzee. Asubuhi moja, pale mlango wa jikoni, akanyoosha mkono mahali pasipo na ukuta. Nilikuwa chumbani nafunga kamba za viatu. Nilisikia mfupa, dada. Sikusikia ukelele, nilisikia mfupa.

Hospitali kubwa wakaniuliza Mama anatumia dawa gani, ili wajue wampe nini cha kutuliza maumivu. Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, na hakumtazama daktari, alinitazama mimi. Nikasema hatumii dawa yoyote. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu waliotaka kumsaidia. Wakamchoma sindano, nami nikasimama pale nikiangalia kifua chake kikipanda na kushuka, nikijua kwamba kama sindano ile haipatani na vidonge vyetu, aliyemuua mama yetu ni mimi.

Hakufa. Wamemfunga plasta, anaendelea vizuri. Sasa vidonge navikata nusu kwa kisu cha jikoni, kwa kukisia tu. Siwezi kuendelea kumkisia mama mzazi. Alhamisi nitamweleza daktari yote, na baada ya hapo anifanye apendavyo. Jana nilimwambia Mama hivyo. Akanijibu kwamba siku siri yake itakapotoka ndani ya nyumba hii, yeye hatakuwa na mtoto wa kiume, atabaki na wa kike tu. Tangu hapo hajanisemesha.

Basi wa kike ndiye wewe. Usinipigie mimi, mpigie yeye, kabla ya Alhamisi, umwambie avae twende wote. Mimi hatanisikia. Atakuuliza ni nani aliyekuambia. Usinifiche, dada, nitaje.

Nisalimie sana shemeji, na wanangu wote mmoja mmoja kwa jina lake. Salamu za Mama sijaziomba, kwa hiyo pokea zangu tu.

Mdogo wako akupendaye,

Bonge