Juisi Ambayo Sikuionja

Itaba, Jumanne

Mpaka sasa sijui kama wamenisamehe au wamenyamaza tu.

Juisi ile ya ndizi mama aliikamua mwenyewe kule nyumbani Giteranyi. Nikaja nayo kwenye dumu, nikitaka kuwafurahisha wenzangu tunaojifunza kilimo na kuishi pamoja hapa shambani. Jana jioni nikawamiminia wote. Wakashukuru, wakashika vikombe, wakaongea habari za mihogo. Hakuna aliyekunywa. Nikajua wananidharau kwa sababu nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nikaenda kulala na hasira zangu.

Leo tukipalilia maharage, Godelive, ninayelala naye chumba kimoja, akanivuta pembeni.

"We hukuonja," akasema. "Hapa mwenye kutoa anakunywa wa kwanza, watu wanaona. Usipoonja, wanajiuliza umetia nini."

Sumu, yaani. Kwenye juisi ya mama yangu. Kambini tulikuwa tunapeana na kunywa tu.

Jioni nikarudia. Nikanywa mbele yao, nikapangusa mdomo, ndipo nikawapitishia. Wakanywa, wakacheka, dumu likaisha. Nilitakiwa kufurahi. Lakini watu ninaokula nao sufuria moja kila siku, kumbe wanaweza kunifikiria...

Godelive ameniletea chai sasa hivi. Ameiweka hapa karibu yangu, akageukia ukutani, akalala.

Hakuionja.

Chai imeshapoa. Bado naiangalia.