Wimbo wa Alhamisi Saa Tisa

Bariadi, 9 Aprili 1996

Mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka. Hujambo huko Mwanza? Sisi huku wazima, na mimi ni mzima kuliko wote. Nimevaa koti la mtumba ambalo Jumbe mwenye duka anaapa lilikuwa la waziri wa Ulaya, na mikono yake imenizidi, maana mawaziri wa kule wana mikono mirefu.

Msimu huu pamba itanunuliwa na kampuni za watu binafsi, na moja imenichukua niwe mpimaji. Nilimwambia meneja kwamba darasa la sita la wakati wetu ni chuo cha siku hizi, na kwamba nimefika Nairobi na Kampala nikiwa utingo wa lori. Alicheka mpaka akanipa kazi.

Sasa wewe. Pasaka hukuja, barua hukuandika, na mtu aliyetoka huko anasema umekonda. Kama ni mwanamume, niambie nije nimpandishe kwenye mizani.

Kaka yako,
Mashimba


Mwanza, 2 Mei 1996

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Poleni na kazi za shamba. Mimi kwa kuniangalia sijambo. Barua hii ni yako peke yako.

Tangu nipewe uhakimu, kila siku ya kusoma hukumu natapika kabla sijaingia mahakamani. Hukumu moja naiandika mara tano. Jaji aliyekagua majalada yangu alinisifu kwa maandishi, na barua yake nimeifungia sandukuni, kwa sababu nikiiona nawaza siku watakapogundua kuwa walikosea kunichagua. Januari nilikaa mbele ya mshtakiwa sauti ikakataa kutoka. Nikaahirisha kesi, nikasingizia malaria.

Sasa nakwenda kwa mshauri hospitalini, Bi Rehana, kila Alhamisi saa tisa. Hakuna sindano wala vidonge. Tunakaa wawili, mlango umefungwa, ananiuliza na kunisikiliza. Amenipa daftari: kushoto naandika ninachoogopa, kulia naandika kilichotokea kweli. Amenikataza kuandika hukumu zaidi ya mara mbili. Wiki iliyopita nilisoma hukumu bila kutapika. Kwako ni kitu kidogo, kwangu si kidogo.

Aliniuliza ni lini nilijifunza kwamba sina ruhusa ya kukosea. Kisha nikakumbuka nilipokuwa wa kwanza wilaya nzima, ukanibeba mabegani hadi uwanja wa ngoma, ukaimba kwamba binti Ndaki hakosei. Watu wote wakaitikia. Tangu hapo umeniimba kila mwaka.

Kaka, sikulaumu. Lakini mwaka huu usiniimbe. Na habari za Bi Rehana zibaki kwetu wawili. Hakimu akijulikana anakwenda kule watasema amechanganyikiwa, au ana ukimwi, maana ushauri nasaha wanaujua kwa wagonjwa hao tu.

Mdogo wako,
Milembe


Bariadi, 20 Mei 1996

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, halafu nikaitia kwenye jiko la Benedikta. Mke wangu huyo akaniuliza ni mwanamke gani anayeniandikia barua za kuchomwa, na mpaka leo ananuna.

Nilidhani nakusukumia baiskeli mlimani, kumbe miaka yote hiyo nimekaa kwenye keria ya nyuma. Sitakuimba kwamba hukosei. Mimi manju, kiongozi wa ngoma ya Wagika, ambaye wapinzani wetu Wagalu wakisikia jina langu wanatafuta choo, naapa kwa kaburi la baba Ndaki.

Nakutumia michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga. Kula.

Kaka yako,
Mashimba


Bariadi, 15 Julai 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Mwadila, maana ni mchana. U mzima? Kaa chini kwanza. Tumeshinda.

Unajua mashindano yetu. Wagika upande huu, Wagalu upande ule, ngoma zinalia pamoja, na mwenye watu wengi jua likizama ndiye mshindi. Wagalu walileta chatu wa kucheza naye ili kuvuta watu. Mahona, manju wao, akaimba kwamba Mashimba kanyamaza kwa sababu dada yake msomi amemkana, koti tu ndilo limebaki. Nikaona watu wangu wanavuka kwenda kwake, kundi kwa kundi. Hata Salu, shemeji yangu, nilimwona mgongo.

Ahadi sikuvunja. Sikuimba kwamba hukosei. Niliimba hivi:

Wenu wanapanga foleni kwa mganga,
wa kwangu hospitali ana msikilizaji wake,
Alhamisi saa tisa, mlango umefungwa,
nani kwenu anasikilizwa peke yake?

Walirudi kwetu kama ng'ombe walioona maji. Najua ulisema ibaki kwetu, lakini hapa ni Bariadi, si Mwanza, na mimi nimeigeuza kuwa heshima. Jumbe amerekodi yote kwa redio kaseti yake, anauza kanda dukani. Ungeniona ungecheka.

Kaka yako,
Mashimba


Bariadi, 30 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Mbona kimya? Nimekuandikia mara mbili tangu ile ya ushindi.

Huenda umesikia kwamba Mahona alinijibu kule Kimali. Ameimba kwamba hakimu anafungiwa mlango ili asiwaume watu. Jumbe ameuweka upande wa pili wa kanda ileile, anasema inauzika zaidi. Usijali, nitamjibu.

Hapana, sitamjibu. Niandikie tu.

Kaka yako,
Mashimba


Mwanza, 3 Novemba 1996

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mama na Benedikta hawajambo.

Kanda imefika. Ndugu wa mshtakiwa wa wizi wa ng'ombe waliipiga kwenye kibanda cha chai nje ya mahakama, upande wako kisha upande wa Mahona. Tulipoanza kesi, wakili alisimama akaomba, kwa heshima zote, kujua kama afya ya mheshimiwa inaruhusu kuendelea. Watu wakacheka. Nilijitoa kwenye kesi ile, na zilizofuata wakaniomba nijitoe vilevile.

Alhamisi nilikwenda hospitalini. Saa tisa kulikuwa na watu watatu wamesimama kwenye korido, hawaumwi chochote, wamekuja kuona nani ataingia. Niligeuka. Sijarudi tena kwa Bi Rehana. Daftari nimelitupa, maana kushoto nilikuwa nimeandika kwamba watajua, na kulia ningeandika kwamba wamejua.

Wakubwa walitaka cheti cha daktari kuwa akili zangu ni timamu. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ninaishi kwa rafiki yangu Lucy, na siku nyingine sitoki kitandani.

Hukukusudia ubaya, na hapo ndipo ninaposhindwa. Adui ningemhukumu. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Hata salamu.

Milembe


Mwanza, 12 Februari 1998

Kaka Mashimba,

Shikamoo. Umekaa kimya mwaka na zaidi. Nilikuwa na hakika hutaweza, nikawa nakwenda posta kutafuta barua yako nikiwa nimeshakasirika. Haikuwepo.

Uhakimu haukurudi. Nafundisha shule ya jioni. Siku moja kabla ya Krismasi Lucy aliniona nimekaa na vidonge vya klorokwini mkononi, vingi kuliko vya malaria. Hakunigombeza. Alikwenda kumleta Bi Rehana hapa nyumbani. Sasa anakuja kila wiki, siku sikutajii. Kuna wiki sisemi neno, tunakaa tu. Kuna wiki nasema. Sijapona, kaka. Ila vidonge vinakaa kwa Lucy.

Mtu wa Kalemela anasema alikuona na baiskeli ukiwabadilishia watu kanda zile kwa kanda za kwaya, na kabla ya hapo ulionekana Mwanhuzi. Zimebaki nyingi, hutazimaliza. Pumzika.

Sasa unaweza kuandika.

Mdogo wako,
Milembe


Bariadi, 4 Machi 1998

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Nimefurahi kwamba upo.

Huku mvua imezidi, pamba imeoza shambani. Umanju nimeuacha. Nikisimama uwanjani naona kila aliye mbele yangu ameshika kanda. Wagika wamemchukua Salu, hajui kuimba.

Mwambie Lucy asante. Mwambie aendelee kukaa na vile vidonge.

Mama aliuliza barua imesema nini. Nikamwambia unatusalimia. Akapapasa karatasi, macho yake hayaoni tena, akasema mbona ni nzito kwa salamu tu.

Nikamwambia unasalimia kila mtu kwa jina.

Kaka yako,
Mashimba