Nepi Kwenye Simu ya Kwaya

Jumatatu, 3 Machi
Nakaanga samaki tangu asubuhi na harufu ya mafuta inanitapisha. Kalenda ya hedhi kwenye simu inasema siku zangu zimepita kitambo. Najua. Nimeijazia kila kitu: kichefuchefu, usingizi, hasira. Owino, mume wangu, hajui. Mimba mbili zimetoka, na zote mbili watu walikuwa wameshasikia. Kwetu tumbo changa halitangazwi. Safari hii nafunga mdomo mpaka kliniki waniambie kitu cha kushika.

Alhamisi, 6 Machi
Nilitafuta bei ya mafuta ya kupikia, nikaletewa matangazo ya nepi. Halafu vitanda vya watoto. Sijamtamkia binadamu yeyote! Nimerudi kwenye yale masharti ya kalenda niliyokubali bila kusoma. Eti habari zangu wanawapa "washirika". Washirika ninaowajua mimi ni wa kanisani.

Jumamosi, 8 Machi
Mazoezi ya kwaya hapa Kisian. Simu yangu ndiyo yenye kioo kikubwa, kwa hivyo nyimbo mpya tunazisomea kwangu, akina mama wote wameinama. Ubeti wa pili, mtoto mnene akatokea na nepi yake: "Hongera, mama mtarajiwa!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Atieno, ambaye umbea haumpiti hata akiwa amelala, akafunika kioo kwa kiganja.

"Yawa, hizi simu zimekuwa wazimu! Hata mimi mzee zinaniletea nepi. Sasa nitazaa na nani?"

Wakacheka. Tukaimba. Nilipofika nyumbani nikaifuta ile kalenda. Ikaniuliza kwa nini naondoka. Shenzi.

Jumanne, 11 Machi
Nangoja umbea. Haujafika. Sokoni wananisalimu kama kawaida. Mama Atieno ameingia jikoni kwangu, akaninyang'anya mwiko, akasema leo anakaanga yeye, mgongo wake unataka joto la moto. Uongo mtupu. Nimeketi nje nikalia kwa shukrani.

Ijumaa, 4 Aprili
Kliniki. Moyo unapiga. Nimeusikia mwenyewe.

Jioni nikamwambia Owino. Aliacha tonge, akanawa mikono, akaniomba nirudie. Nikarudia. Wanawake wote wale walioiona ile nepi, na mwezi mzima, na bado alikuwa hajasikia popote. Mungu awabariki.