Pua ya Mama Héritier

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Formation, mafunzo ya wanamama wafanyabiashara, imeanza ukumbini, salle ya parokia. Nimeenda kwa ajili ya chakula. Mme Olga, katoka Bukavu na viatu virefu, anatufundisha eti udhaifu ni nguvu! Onyesha unapoumia, wenzako watakushika mkono. Lo! Minye nakausha samaki wa mikeke kwa moshi mwaka wa ishirini, nimesomesha watoto watano, Héritier wangu ni infirmier, muuguzi wa hospitali — na sijalia mbele ya mteja hata siku moja. Jirani yangu Pudentienne alisimama akalia, eti tanuru lake la samaki limebomoka. Machozi, kamasi. Wakampigia makofi!

Jumanne, 10 Septemba
Kila mtu ataje udhaifu wake. Nikasema: wangu ni kupenda watoto kupita kiasi. Mme Olga akaandika. Kaandika kweli!
Ile ingine sikusema. Mtaa wetu wa Nyamianda mzima hakuna anayenunua samaki kabla sijamfungua mashavu na kumnusa. Pua ya Mama Héritier! Na tangu homa ya mwezi wa saba, pua imekufa. Moshi, vitunguu, mawese yakiungua — hewa tupu. Nakunja uso, nangoja kidogo, nasema: huyu mzima. Mpaka sasa Mungu amenificha.

Alhamisi, 12 Septemba
Jana wanamama walimjengea Pudentienne tanuru jipya. Bure, kwa machozi tu! Nilipita nikawaambia ukuta umepinda. (Haukupinda.)
Mikeke ya harusi ya Héritier ya Jumamosi imefika, beseni tatu. Mtumbwi ulichelewa, jua kali. Nikanusa mbele ya wavuvi: wazima! Macho ya samaki yalikuwa na ukungu kidogo. Nimewapanga juu ya moshi.

Ijumaa, 13 Septemba
Wameiva, rangi ya dhahabu. Lakini nzi wanatua beseni la pili tu. Mbona la pili?
Consolée, bibi-harusi, alikuja kusalimia. Akainama penye beseni lile, akarudi nyuma haraka. Kuna nini? "Hapana mama, ni moshi." Mtoto wa adabu! Adabu hiyo itaua wakwe zangu kesho.
Héritier akapiga simu: ameahidi hospitali yote samaki wa mama yake.
Nikafunga mukeke mmoja kwenye kitambaa, nikaenda kwa Pudentienne. Nikasema nimekuja kuangalia ule ukuta.
"Na iko nini mkononi?"
"Weye nusa."
Akacheka. "Minye ninuse, na pua yako iko hapo?"
Nikamsogezea kitambaa. Akaacha kucheka. Akanusa. Akafunga kikwembe kiunoni, akaita wale wanamama wa tanuru.
Sasa wako sita uani kwangu, wanapitisha mikeke puani mmoja mmoja. Wananusa vibaya, kama mbuzi. Minye wamenikalisha pembeni; Pudentienne kawaambia eti nimechoka na harusi. Najifanya naandika majina ya wageni. Beseni la pili lote limeenda shimoni.
Mama Safi, mmoja wao, anauliza, sauti ya kufika barabarani: "Lakini nani alinusa hizi?"
Pudentienne anageuka. Ananiangalia.