Mwanangu Kageuza Wimbo wa Tanuri Kuwa Matanga

Mpendwa Shangazi Hranush,

Jumamosi iliyopita jioni, katika ukumbi mmoja wa Yerevan wenye viti vyekundu, nilipoteza wimbo, na kabla sijafika mlangoni nikampoteza na mwanangu, na vyote viwili nilivilea mwenyewe, kwa hiyo naomba msaada wako kama wasomaji wako wengine, na tafadhali usinipe methali, nipe jibu.

Mimi ni mwoka lavashi, ule mkate wetu mwembamba kama shuka, hapa Gyumri. Nilianza na tanuri moja la kuazima, la shimo ardhini, lenye ufa, leo ninayo matatu na wanawake tisa, na hakuna aliyenishika mkono isipokuwa marehemu mama yangu, aliyeniachia ndoano ya kuchomolea mkate na wimbo wa kuokea. Wimbo wenyewe si wa kanisani, nauandika ili uelewe kilio changu:

*Mama mkwe kachungulia, tanurini kakwama,*
*makalio yapo juu, kichwa kimezama.*
*Bibi arusi, njoo mvute! — Subirini, jamani,*
*mkate wangu utoke kwanza, yeye abaki ndani.*

Cheka tu, umetungwa ucheke. Lakini una kazi yake, maana unaubandika unga kwenye ukuta wa tanuri ukisema "mama mkwe", na ukifika "ndani" unauchomoa, umeiva, haujaungua wala haujabaki mbichi, na ndiyo sababu kwangu hakuna saa ukutani, saa yetu ni makalio ya yule mama.

Sasa mwanangu Yervand, wa pekee, baba yake alikwenda Urusi kujenga nyumba za watu akajijengea na yake huko huko, nimemsomesha piano tangu ana miaka sita, na sikumruhusu hata siku moja kukanyaga chumba cha tanuri, maana kidole kilichoungua hakipigi piano, mchana alishinda kwa jirani, jioni namchukua, namlaza, namwimbia wimbo huo huo kwa mdomo uliofungwa, mmm-mmm, kwa kuwa mtoto hawezi kwenda shule akiimba makalio, na mara nyingi usingizi ulinichukua mimi kabla yake. Kwa hiyo asiniambie hakuujua!

Jumamosi ilikuwa siku yake kubwa, nyimbo za watu wetu alizozipanga mwenyewe kwa piano pekee, bila mwimbaji, bila zumari yetu ya zurna, bila ngoma. Nilivaa viatu vipya. Akatoka mwanamke mwenye shali nyeusi, akasema kwa sauti ya kaburini, "Na sasa, 'Mama', maombolezo ya kale ya mama anayewaita wanawe walio ughaibuni." Nikajiandalia kitambaa. Yervand akashusha mkono, noti moja, akangoja, nyingine, akangoja, na ile ya tatu ilipoanguka nikamtambua: Shangazi, alikuwa mama mkwe! Anatembea kama amebebwa kwenye jeneza! Nikaanza kuimba moyoni ili nipime, na kabla ubeti wake mmoja haujaisha nilikuwa nimekwisha kuoka lavashi saba. Saba! Mbele yangu profesa wake anapangusa miwani, kushoto kwangu bibi mzima anatokwa na machozi juu ya makalio yale, nami nikajibana, nikajibana, ikanitoka. Si kicheko cha pua, ni kile cha tanurini, cha kufukuza njiwa. Yervand akasimamisha mikono. Ukumbi mzima ukanigeukia. Ikabidi aanze upya.

Nikamfuata nyuma ya jukwaa.

"Mama, ulikuwa unacheka nini?"

"Makalio, mwanangu."

"Makalio ya nani?"

"Ya mama mkwe! Ya kwenye wimbo! Hayo uliyoyalaza kwenye sanda!"

Nikamwimbia palepale, maneno yote, kwa mwendo wake, nikipiga na kofi. Yule wa shali nyeusi akashika ukuta. Mwanangu akawa mweupe kama unga.

"Umenivua nguo mbele ya profesa wangu," akasema. "Watu walikuwa wanalia, mama."

"Nami nalia! Umemuua mtu aliyekwama tu!"

Akavaa koti, akaondoka. Nilirudi Gyumri peke yangu na kapu la nyama na jibini nililomwandalia, halijafunguliwa.

Na hasara haikuishia hapo, maana Jumatatu niliwasimulia wanawake wangu, na huyu Susik anayekanda, mdomo wake hauna kufuli, akaweka mkono kifuani akauimba kwa mwendo wa Yervand, "Maaaa-ma-aaa-aaa mkwe-e-e", wote wakaufuata, hadi wafike kwenye makalio lavashi zimekuwa mkaa, nami nikapiga kelele, "Wanawake, mama mkwe anaungua!" na Susik akanijibu, "Tulia, mama Yervand, hii ni sanaa." Tangu hapo kila nikianzisha ubeti kuna anayejipangusa machozi ya uongo, na mkono unachelewa.

Jana mwanangu kaniandikia kwenye simu: "Jumapili napiga hapo Gyumri. Naomba usije." Basi. Hata salamu hakuna. Nami nimepanga hivi: nikodi basi dogo, niwapakie wanawake wote tisa, tukae mstari wa mbele, na akishusha tu ile noti ya kwanza tuuimbe ulivyo, na kofi, ili mji mzima usikie wimbo ni wa nani. Niende na wanawake, niende peke yangu, au nibaki nikande unga? Nataka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu saa hiyo ndipo naagiza unga wa Jumapili, na unga haungojei huzuni ya mtu.

Varsenik, Gyumri

---

Varsenik, dada yangu,

Kwanza pole. Pili, ningekuwa kiti cha pembeni yako ningecheka kukuzidi, wangetutoa wote wawili kwa masikio. Sasa funga mdomo kidogo unisikilize.

Unasema mwanao kauharibu wimbo wa tanuri. Upi? Mtoto uliyemfungia mlango wa tanuri kana kwamba mna chui ndani! Hajawahi kuusikia wimbo huo mahali unapoishi. Maneno hakuyajua kwa sababu uliyameza. Wewe mwenyewe umeniandikia, ukapita mbio kama mtu anayeruka dimbwi: ulimwimbia jioni, mdomo umefungwa, ukasinzia kabla yake. Mwanamke aliyesimama kwenye moto tangu alfajiri, miguu imevimba, mume Urusi, anaimba mmm akikatika katikati. Noti, halafu kimya. Noti, halafu kimya. Ulidhani ni madoido ya wasomi. Varsenik, hapo kwenye kimya ndipo ulipokuwa unasinzia, na mtoto macho kodo gizani anangoja uendelee.

Yule wa shali nyeusi na wana wake wa ughaibuni mwache, huyo hata ukimpa mapishi ya kabichi atayasoma kama wosia. Lakini kijana hakudanganya. Kapiga alichopewa. Ukumbi ulimlilia mama aliyechoka, na mama mwenyewe alikuwa nyuma ya profesa anahesabu mikate. Nawe ukamwambia kaua mtu!

Sasa ya kufanya. Basi usikodi. Susik abaki na mdomo wake. Mpigie Yervand leo, usianze na "mimi ndiye niliyekusomesha", mwambie tu: njoo Jumamosi asubuhi, uingie chumba cha tanuri. Ndiyo, na vidole vyake vyote kumi. Kaa naye ukingoni, wanawake wako waimbe ubeti wote, makalio na yote, mpe ndoano achomoe mkate kwenye "ndani". Ataunguza miwili mitatu. Asipocheka, niandikie nitakuja kumcheka mimi. Halafu mwimbie tena ule wako wa jioni, na umwombe radhi, maneno machache, mkono begani.

Jumapili ukialikwa, nenda peke yako na viatu vyako vipya. Apige polepole, au mbio, au aanze na usingizi amalizie na makalio, hilo ni lake. Kitambaa chako uking'ate. Na tanurini mwako, kuanzia kesho, anayeimba kwa mwendo wa msiba ale mkaa wake mwenyewe.

Umenipa muda, nami nakupa wako. Hadi Ijumaa saa sita mchana, kabla hujaagiza unga, niambie bila kuzunguka: mlango wa tanuri umemfungulia mwanao, ndiyo au hapana?

Shangazi Hranush