Koti la Miaka Ishirini

Mpendwa mshauri,

Naandika leo Jumatatu, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, na kwa hesabu yangu nimekaa mbali na kwetu miaka thelathini na mmoja na miezi mitano. Naomba msaada wako juu ya koti la mvua, na tafadhali usicheke, maana koti hili linataka kunivunjia undugu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, nimefiwa na mke, kazi yangu ni kushona na kugundisha upya vitabu vilivyochakaa katika chumba cha chini cha maktaba ya mji, na kila Ijumaa mchana napanda basi kwenda shamba kwa binti yangu na mumewe, wafuga mbuzi, ambako nakagua uzio wa seng'enge, na mvua ya huku unaijua, hainyeshi ikapita, inakaa kama mgeni asiyejua kuaga, basi nataka koti moja tu, niingie nalo maktaba mlinzi asinitazame mara mbili, na nipenye nalo kwenye seng'enge nisitoke na matambara.

Mwezi uliopita nilinunua koti jepesi la nailoni, la saba la aina hiyo tangu mke wangu afariki, lebo inasema halipitishi maji na muuzaji akaapa juu ya lebo. Siku ya tatu nilitoka nyumbani nimekumbatia ndani yake kitabu cha ramani, nilichokuwa nimekipeleka nyumbani kumalizia jalada baada ya kukihangaikia wiki sita. Maji yaliingia kwenye mishono ya mabega, yakateremka kifuani, na nilipofika kurasa zilikuwa zimevimba kama mkate. Mkuu wa maktaba ni mama mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alikifungua kitabu mezani, akakifunga.

"Mzee," akasema, "hiki kimepita mafuriko na vita kikiwa kikavu. Kimekuja kuzama ndani ya koti lako."

Nikarudi dukani. Muuzaji akaligeuza koti kama daktari anayetafuta kidonda.

"Linazuia mvua, mzee."

"Limeingiza maji."

"Linazuia mvua. Si mvua hii."

Binti yangu aliposikia akasema, "Baba, kila mwaka unanunua takataka. Twende ukachukue koti la watu." Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa umoja wa watu wa kwetu, akajialika. Tumempa jina Mwakani, kwa sababu tangu tufike huku kila mwaka anasema mwakani tutakuwa nyumbani, na mimi siwezi kumcheka kwa hilo, nimelisema pamoja naye miaka mingi.

Kwenye duka la pili nikaliona. Turubai zito la pamba lililopakwa nta, rangi ya majani makavu, zipu ya shaba, na juu ya zipu ukanda wa kitambaa wenye vifungo. Nikalivaa, likanikaa. Binti yangu akaninyoosha kola. Mama muuzaji akasema nikilitunza na kulipaka nta kila mwaka litamaliza miaka ishirini.

"Ishirini?" shemeji akauliza, kwa sauti ile ya mkutanoni. "Kumbe umeshaamua uzikwe huku. Si ungetuambia mapema, shemeji, tuanze kukuandalia hotuba."

"Ni koti tu, shemeji."

"Koti la miaka ishirini si koti, ni nyumba. Mwakani utalivalia wapi, kwenye lile jua letu?"

"Mjomba, baba analowa," binti yangu akasema.

"Mwache alowe, atakumbuka kwao."

Wateja waligeuka kututazama. Nikalivua, nikalitundika mahali pake, nikatoka, na njiani nikanunua nailoni la nane kwa yule yule muuzaji wa kwanza.

Mshauri, tangu siku hiyo sina amani. Nilipofika nyumbani nilikitazama chumba changu kana kwamba ni cha mtu nisiyemjua. Nguo zangu ziko kwenye masanduku mawili chini ya kitanda, sina kabati, maana kabati halisafiri. Dirishani kuna shuka lililoshikiliwa na misumari minne. Pazia hupimwa kwa dirisha lake, na sisi tulikuwa watu wa kuondoka, tupime dirisha la nini. Mke wangu aliniomba mapazia ya kijani miaka kumi na tisa. Kila mara nilimjibu, utayashona mwakani, ya dirisha lako mwenyewe. Alifariki akilitazama lile shuka.

Na Jumapili kwenye mkutano wa umoja, baada ya kusomwa mahudhurio, shemeji akasema kuna mjumbe ameanza kuota mizizi, tumwombee. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, na hicho ndicho kinachonikera kuliko yote, kuliko hata yule muuzaji mwongo.

Sasa niambie, ninunue la nta au kuna nailoni iliyo bora zaidi? Niwe na koti moja, au mawili, la mji na la shamba? Na nikilinunua, nifanye nini na shemeji? Waliomjua mke wangu akiwa msichana tumebaki wawili duniani, mimi na yeye. Kumkosa siwezi.

Mshona vitabu

*

Mshona vitabu, shikamoo.

Pole kwa mkeo, na pole kwa kitabu cha ramani. Pole zimeisha, sasa nikugombeze.

Kabla ya kupewa ukurasa huu nilishona makoti kiwandani miaka kumi na mmoja, kwa hiyo huyo muuzaji wako ananihusu. Kila sindano inapopita inaacha tundu. Koti la kweli la mvua limebandikwa utepe juu ya kila mshono, kwa ndani, na anayekuuzia anajua kama utepe upo au haupo. Aliyekuambia "si mvua hii" alijua tangu mwanzo. Mrudishie yote mawili, la saba na la nane, na ukatae kutoka mpaka aje mwenye duka. Umri wako unakuruhusu kukaa kwenye kiti chao siku nzima.

Lakini wewe nawe, mtu anayejua uzi na gundi, umenunua makoti manane bila kuligeuza hata moja ukaangalia ndani? Usingekipokea kitabu kwa kutazama jalada peke yake.

Chukua la nta. Nailoni nzuri ipo, ni nyepesi na hukauka upesi, ila seng'enge ikiichana imekwisha, kiraka hakikai vizuri. Turubai utalitia kiraka mwenyewe, kwa mkono huo huo unaoshona vitabu. Lijaribu ukiwa umevaa sweta, unyanyue mikono kama anayefunga waya, na likipanda mpaka kiunoni chukua saizi inayofuata. Chagua lisilo na mshono juu ya bega. Usilifue kwa sabuni wala maji ya moto, wala usilipige pasi. Lifute kwa kitambaa na maji baridi, ulitundike mbali na jiko. Moja linatosha mji na shamba. Ila nta huacha alama kwenye karatasi, hivyo koti libaki kwenye ukumbi wa maktaba, lisishuke chumbani kwako, na kitabu kisikae tena kifuani mwako, kitafutie mkoba wake. Kosa hilo lilikuwa lako, si la mvua.

Sasa shemeji. Nimekasirika naye, nakubali. Mtu mzima anayetaka mzee mwenzake alowe ili akumbuke kwao anastahili kusimamishwa nje siku moja bila mwavuli. Lakini mapazia usimsingizie yeye. Miaka kumi na tisa mkeo aliomba kwako, na ni wewe uliyejibu. Hilo huwezi kulirekebisha kwa koti, na sitakudanganya kwamba unaweza.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika anachosema shemeji, umeandika wanachocheka wanachama, umeandika hata zipu ni ya shaba. Hakuna mstari mmoja unaosema wewe unataka kurudi au hutaki. Mzee wangu, hilo ndilo unalomficha shemeji, na sasa umenificha na mimi. Yeye haogopi koti. Anaogopa siku atakaposema "mwakani" na asijibiwe na mtu. Mtu mwenye hofu hiyo anastahili jibu la kweli, hastahili kuchekewa mkutanoni na kulaumiwa gazetini.

Basi fanya hivi. Nunua koti wiki hii, na uende na binti yako peke yake. Jumamosi mchana livae, uende kwa shemeji, nyumbani kwake, si mkutanoni. Usianze na habari za hali ya hewa. Mwambie unalotaka kwa sentensi moja, kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, na Jumamosi inayofuata urudi. Na dirisha lako lipime kesho asubuhi, kabla hujatoka kwenda kazini.

*

Wiki tatu baada ya jibu hilo mshona vitabu alituletea barua ya pili, nasi tunaichapa kwa ruhusa yake:

Mshauri, nimelinunua, na dirisha nimelipima. Jumamosi ya kwanza shemeji alinisikiliza mlangoni, akaufunga. Jumamosi ya pili akaniambia niingie, nisimwagie maji sakafu yake. Tulikaa mpaka saa kumi, akazungumza habari za dada yake alipokuwa na miaka tisa, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Watu wa umoja wataambiwa na yeye, amesema ni kazi ya mwenyekiti. Aliniomba niirudie ile sentensi, labda hakuisikia vizuri mara ya kwanza. Nikairudia, na naiandika hapa ili nami nisije nikaikana.

Sitarudi.